Kalata-kalata: Dawa ya Uchungu na Suala la Kipimo

Miongoni mwa majina ya Kiafrika yaliyoingia katika vitabu vya kemia, ni machache yaliyosafiri mbali kama jina kalata-kalata. Lilitoka Kasai, likapelekwa Norwe na Uswidi, likafika Brisbane na Vienna, na leo huandikwa pamoja na herufi moja na tarakimu moja, kalata B1, na watafiti ambao aghalabu hawajapata kumwona mwanamke wa Kasai akichemsha majani katika sufuria. Makala haya yanafuata safari hiyo. Hayakusudii kuusifu mmea wala kuilaumu hospitali. Yanaifuata kwa sababu ndani yake mna suala linaloulizwa kila siku na wajawazito na wanaonyonyesha, nalo hujibiwa kwa haraka mno na pande zote mbili: je, dawa ya miti ni salama kwa mama na kwa mtoto?

Upande mmoja hujibu kwamba dawa hiyo ni ya asili, kwamba mabibi walizaa kwayo, na kwamba kitu kilichoota chenyewe porini hakiwezi kuwa na ubaya wa vidonge vya dukani. Upande wa pili hujibu kwamba ni ushirikina, uchafu, au sumu tupu. Historia ya kalata-kalata inazikataa hoja zote mbili kwa pamoja. Mmea ule ulikuwa na nguvu ya kweli, iliyothibitishwa katika maabara. Na kwa sababu nguvu yake ilikuwa ya kweli, hatari yake pia ilikuwa ya kweli. Usalama haukuwamo ndani ya jani. Ulikuwa katika kipimo, katika saa ya kunywa, na katika mkono wa yule aliyempa mzazi kikombe.

Yafaa kuanza na maneno, maana lugha yenyewe imehifadhi sehemu ya suala hili. Katika Kiswahili, uchungu ni ladha ya mwarobaini na kwinini, ni huzuni ya aliyefiwa, na ni maumivu ya mwanamke aliye karibu kuzaa. Dawa ya uchungu, kwa hiyo, yaweza kufahamika kwa njia mbili zinazopingana: dawa ya kutuliza maumivu, au dawa ya kuyaongeza ili mtoto atoke upesi. Wakunga wa jadi walikusudia aghalabu maana ya pili. Neno dawa nalo ni pana kupita kiasi. Linabeba kidonge, mzizi, hirizi, rangi ya viatu, na hata kile kinachonyunyizwa ili kuwaua wadudu wa kabichi. Mwenye kusema “nimekunywa dawa” hajasema bado kama amekunywa chakula, tiba au sumu. Lakini pale lugha ilipolegea katika jina, ilikaza katika vipimo. Kuna konzi, yaani kiasi kinachofumbatwa katika ngumi. Kuna ukufi, kiasi kinachokaa katika kiganja kilichokunjwa. Kuna chopa, kuna kibaba, kuna kopo. Haya si maneno ya watu wasiojali kiasi. Kasoro yao ni kwamba ngumi ya bibi si ngumi ya mjukuu, na mizizi iliyochimbwa wakati wa kiangazi huenda isilingane kwa nguvu na ile ya masika.

Kuhusu jina kalata-kalata lenyewe, sauti yake yaweza kumkumbusha msemaji wa Kiswahili cha Kongo neno karata. Kufanana kwa sauti si ushahidi, na jina hilo ni la Kasai, nchi ya Kiluba, wala halikutoka katika eneo la Kiswahili. Hata hivyo nchi hizo mbili haziko mbali katika historia. Tangu reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ilipokamilika mwaka 1928, watu wengi wa Kasai walikwenda kufanya kazi katika migodi na ofisi za Katanga, wakazaa huko, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili.

Hapo ndipo uzazi ulipoingia katika daftari za mwajiri. Union Minière, ilipoamua kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na wake zao badala ya kuwaajiri kwa miezi michache na kuwarudisha makwao, ilihitaji watoto wazaliwe na waishi, kwa kuwa mtoto wa leo alihesabiwa kama mchimbaji wa kesho. Wajawazito wa kambini walipimwa, waliojifungua waliandikishwa, watoto walipelekwa kwenye mizani, na uji na maziwa viligawiwa. Misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zilifanya kazi ya namna hiyo hiyo huko vijijini kwa sababu zao wenyewe. Nancy Rose Hunt, mwanahistoria Mmarekani aliyechunguza habari za uzazi katika eneo la misheni ya Yakusu, karibu na Kisangani, na kutoa kitabu chake mwaka 1999, ameonyesha jinsi vifaa vya hospitali, sabuni, nguo za mtoto na kitanda cha kuzalia vilivyokuwa pia vifaa vya kufundisha ustaarabu mpya. Kunyonyesha hakukuachwa nje. Desturi ya kumnyonyesha mtoto miaka miwili au mitatu, pamoja na kujitenga na mume kwa muda huo, ilionekana na wakoloni kuwa kizuizi cha kuongezeka kwa watu. Maziwa ya kopo yaligawiwa ili mtoto aachishwe mapema na mimba nyingine ije upesi.

Faida ya hospitali hizo haikanushiki. Mwanamke aliyezuiliwa na mtoto aliyelala kikingama aliweza kupasuliwa na kuishi, naye zamani angekufa. Lakini pamoja na faida hiyo ilikuja tabia moja iliyodumu kuliko ukoloni wenyewe: mzazi alijifunza kutokutaja alichokunywa nyumbani. Aliyekiri alikemewa. Aliyenyamaza alihudumiwa vizuri. Kwa njia hiyo elimu ya miti ya uzazi haikufa. Ilihamia nyuma ya pazia, na huko ilipoteza kitu muhimu kuliko vyote, yaani macho ya watu wengine.

Ndipo ukaja mwaka 1960. Uhuru ulipotangazwa tarehe 30 Juni, nchi haikuwa na daktari Mkongo mwenye shahada kamili. Kulikuwa na wasaidizi wa tiba, wenye ujuzi mkubwa lakini waliozuiliwa kupanda ngazi ya mwisho, na zaidi ya mia moja kati yao walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo yao kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Wiki chache baada ya uhuru, kufuatia maasi ya askari, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Hospitali zilibaki na wauguzi, wagonjwa na madirisha wazi. Msalaba Mwekundu ulileta vikundi vya madaktari kutoka nchi mbalimbali ili kuziba pengo. Huko Kasai hali ilikuwa nzito zaidi, kwani mapigano kati ya Waluba na Walulua, yaliyoanza mwaka 1959, yalikuwa yamewatawanya watu kutoka upande wa Luluabourg, mji unaoitwa Kananga tangu mwaka 1966.

Mmoja wa madaktari waliokuja na Msalaba Mwekundu alikuwa Mnorwe aitwaye Lorents Gran. Katika kazi yake aliona kwamba wanawake waliokuwa karibu kuzaa walitumia maji yaliyochemshwa pamoja na mmea mdogo, ili uchungu ukaze na mtoto atoke upesi. Mmea huo ndio kalata-kalata, ambao wataalamu wa mimea huuita Oldenlandia affinis. Ni jani dogo tu, la jamaa moja na mbuni na mti wa kwinini, lisilo na maua ya kumsimamisha mpita njia. Daktari mwingine angaliandika katika daftari lake neno “dawa za wenyeji” na kufungua ukurasa wa pili. Gran aliuliza ni mmea gani, akauchukua, na aliporejea Norwe akaanza kuuchunguza.

Hapana budi kueleza kwa nini jambo hilo lilimshangaza mtaalamu. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alikuwa ameonyesha kwamba kioevu kitokacho katika tezi iliyo chini ya ubongo hukaza mfuko wa uzazi. Kiini chake, homoni iitwayo oksitosini, kilitengenezwa katika maabara mwaka 1953 na Vincent du Vigneaud huko New York, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Oksitosini ni mnyororo mfupi wa asidi za amino 9. Kwa kuwa ni kitu cha jamii ya protini, ikimezwa huvunjwavunjwa tumboni kama nyama au maharage. Ndiyo sababu hospitali huitoa kwa sindano au kwa maji ya mshipani. Na hapa palikuwa na wanawake waliochemsha jani, wakanywa maji yake, na uchungu ukakaza. Gran alipoandika juu ya mmea huo mwaka 1970, na kwa kirefu zaidi mwaka 1973, alionyesha kwamba nguvu hiyo nayo ilitokana na peptidi, yaani kitu cha jamii moja na oksitosini, ambacho moto wa jikoni ulikuwa umeshindwa kukiharibu. Peptidi kuu ikaitwa kalata B1.

Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini umbo lake lilibaki fumbo. Njia za kawaida za kusoma mpangilio wa asidi za amino huanza kwenye ncha ya mnyororo, kama mtu anayefumua mkeka kwa kuutafuta ukingo wake. Kalata B1 haikuonyesha ncha. Mwaka 1995 watafiti wa Norwe, Australia na Uingereza, akiwamo David Craik wa Brisbane, walieleza sababu: haina ncha. Asidi zake 29 zimeungana kuwa pete iliyofungwa, na ndani ya pete hiyo mna vifungo vitatu vya salfa vilivyopishana kama fundo. Kwa hiyo maji yanayochemka hayaifungui, wala vimeng’enya vya tumbo havipati mahali pa kuanzia kuing’ata. Mwaka 1999 jamii nzima ya molekuli za namna hiyo ilipewa jina siklotidi. Mwaka 2001 ikaonyeshwa pia kazi ambayo yamkini mmea wenyewe huikusudia: viwavi waliolishwa kalata B1 walidumaa. Kumbe dawa ya wazazi ilikuwa kwanza silaha ya jani dhidi ya wadudu wake. Wenye kusema kwamba cha asili hakidhuru wangefanya vyema kuikumbuka habari ya viwavi hao.

Sasa turudi kitandani kwa mzazi, maana ndiko suala lilikoanzia. Mfuko wa uzazi ukikaza, mishipa inayompelekea mtoto damu hubanwa. Ukilegea, damu hupita tena. Uchungu wa kawaida una pumziko kati ya mkazo na mkazo, na katika pumziko hilo mtoto hupata hewa. Dawa ikizidi, mapumziko hupungua au hutoweka. Mtoto hukosa hewa, na mfuko wa uzazi, hasa wa mwanamke aliyezaa mara nyingi au mwenye kovu la kupasuliwa, waweza kuraruka. Hali kadhalika, ikiwa njia ni nyembamba au mtoto amekaa vibaya, kukaza zaidi hakumtoi. Kunamsukuma kwenye ukuta. Kwa sababu hiyo oksitosini ya hospitali hupimwa kwa maelfu ya sehemu ya kipimo kimoja kwa kila dakika, tone kwa tone, huku mtu akiusikiliza moyo wa mtoto. Na mkazo ukizidi, mfereji hufungwa, nayo dawa huisha mwilini baada ya dakika chache. Kikombe kilichokwisha kumezwa hakifungiki. Tena sifa ile ile iliyowafurahisha wanakemia, ya kutokuvunjika upesi, ndiyo inayopaswa kumtia mashaka mkunga.

Ulaya nayo ilipita njia hiyo, na haikuipita kwa haraka. Wakunga wake walitumia ergoti, kuvu nyeusi inayoota juu ya masuke ya nafaka iitwayo rai. Adam Lonitzer, tabibu wa Ujerumani, aliitaja katika kitabu chake cha mitishamba mwaka 1582, tena akitaja kiasi cha kuitumia. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa Marekani, aliyejifunza habari zake kwa mwanamke mhamiaji, aliisifu mbele ya madaktari wenzake kwa kuwa iliharakisha kuzaa na kumwokolea daktari saa nyingi za kungoja. Ikaenea upesi. Katika miaka ya 1820 daktari David Hosack wa New York alionya kwamba watoto waliozaliwa wafu walikuwa wameongezeka, akashauri dawa hiyo itolewe baada tu ya mtoto kutoka, ili kuzuia damu. Mwaka 1935 huko London kikapatikana kiini chake chenye nguvu, ergometrini, na hadi leo dawa hiyo hutolewa katika saa ile aliyoishauri Hosack. Kuvu haikubadilika tangu 1582. Kilichobadilika ni saa ya kuitoa na kipimo chake. Yafaa pia kuangalia nani aliyelipia elimu hiyo: kati ya sifa za Stearns na onyo la Hosack kuna makaburi ya watoto ambayo hakuna aliyeyahesabu kikamilifu.

Dawa ya uchungu hunywewa saa za mwisho, na madhara yake huonekana siku hiyo hiyo. Kuna dawa nyingine ambazo hunywewa miezi mingi, nazo ni ngumu zaidi kuzihukumu. Wazulu wa Afrika Kusini wana isihlambezo, mchanganyiko wa mizizi na majani unaonywewa katika miezi ya mwisho ya mimba. Waganda wana emumbwa, vipande vya udongo uliochanganywa na majani. Kongo nayo haikosi vya kwake. Dawa hizi husifiwa kwa ushahidi wa macho: mama alikunywa, akapata nguvu, akazaa salama. Lakini afya ya mama si shahidi wa kutosha. Mwaka 1988 madaktari wa Uswisi walieleza habari za mtoto mchanga aliyekufa kwa ini lililoziba mishipa yake. Mama alikuwa mzima. Wakati wa mimba alikuwa akinywa kila siku chai ya majani iliyonunuliwa kwa ajili ya kifua, na ndani yake mlikuwa na alkaloidi zinazoharibu ini. Ini la mtu mzima lilistahimili. La mtoto tumboni halikuweza. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuelezwa Jamaika mwaka 1954 kwa watoto walionyweshwa chai za porini, hasa za mimea ya jamii za Crotalaria na Senecio. Crotalaria, ambayo aina yake moja Tanzania huitwa marejea, huota kwa wingi pia katika Katanga. Hayo hayana maana kwamba kila jani lake ni sumu, kwani aina hutofautiana, na baadhi huliwa kama mboga Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba jina moja la kienyeji lililobeba aina tatu za mmea laweza kubeba pia hatima tatu.

Msomaji atakumbuka labda kwamba hata dawa ya kiwandani ilipita katika upofu huo huo. Thalidomidi, iliyouzwa kuanzia mwaka 1957 hadi 1961 kama dawa tulivu ya usingizi na kichefuchefu, iliwalemaza watoto zaidi ya elfu kumi. Kabla yake wataalamu wengi waliliamini kondo la nyuma kama ukuta. Baada yake ilijulikana kwamba ni mlango, na kwamba wiki za mwanzo za mimba, ambapo wanawake wengi bado hawajajua kama wana mimba, ndizo wiki ambazo viungo vya mtoto hujengwa.

Kunyonyesha ni sura nyingine ya habari hiyo hiyo, na si sura ndogo. Oksitosini iliyokaza mfuko wa uzazi ndiyo inayoyasukuma maziwa kutoka matitini. Mtoto anaponyonya mara tu baada ya kuzaliwa, mfuko hukaza na damu hupungua. Wakunga wa jadi waliomweka mtoto kifuani mapema hawakulijua jina la homoni, lakini walikuwa wakiitumia. Kinyume chake, ergoti hupunguza maziwa, na dawa ya viwandani iliyotokana na kemia yake, bromokriptini, ilitumika duniani kukausha maziwa, hadi mwaka 1994 matumizi hayo yalipoondolewa Marekani baada ya baadhi ya wanawake kupatwa na kiharusi na shinikizo la damu. Basi mmea unaogusa mfuko wa uzazi haupaswi kudhaniwa kuwa hauna habari na titi.

Katika nchi nyingi za Afrika mimea yenye utomvu mweupe hupewa mama ili maziwa yaongezeke, kwa hoja kwamba kinachofanana na maziwa huleta maziwa. Hoja hiyo ni nzuri katika ushairi kuliko katika tiba, kwani utomvu mweupe wa mimea mingi huunguza ngozi na macho. Lakini si kila kitu katika jikoni ya mzazi ni cha kutiliwa shaka. Uji wa moto, supu, karanga na majani ya muhogo yaliyopikwa vizuri humpa mama maji na chakula, na mama aliyeshiba na kupumzika, anayemweka mtoto titini mara nyingi, hupata maziwa. Huenda sifa nyingi za miti ya maziwa ni sifa za uji ulioandamana nayo. Kinachotakiwa ni kutofautisha mboga ya kila siku na mzizi mchungu uliochemshwa hadi maji yakawa meusi; na tofauti hiyo wazee waliijua, maana cha kwanza kilipikwa na yeyote, cha pili hakikupikwa ila na mjuzi.

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, mashirika ya afya yalianza kuwaita wakunga wa jadi, kuwafundisha usafi, kuwapa wembe na uzi wa kufungia kitovu, na kuwaonyesha dalili za hatari. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini katika mafunzo mengi elimu ilisafiri upande mmoja. Mkunga aliambiwa aache miti. Mara chache aliulizwa ni miti gani, ilichimbwa wapi, ilitolewa kiasi gani, na ni mwanamke wa namna gani ambaye yeye mwenyewe, kwa ujuzi wake, hakuthubutu kumpa. Swali hilo la mwisho lingekuwa na thamani kuliko yote, kwa sababu mjuzi hutambulika kwa yale anayoyakataa.

Gharama ya ukimya huo ni ya damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikadiria kwamba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanawake 846 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Si miti iliyowaua wengi wao. Kutokwa damu, shinikizo, maambukizo, umbali wa hospitali na ukosefu wa fedha ya kulipia upasuaji vina sehemu kubwa zaidi. Lakini fikiria mwanamke aliyekunywa dawa ya uchungu alfajiri nyumbani, akafika hospitalini mchana, akanyamaza, na mhudumu, akidhani uchungu wake ni mlegevu kwa asili, akamwekea oksitosini mshipani. Nguvu mbili za namna moja hukutana katika mwili mmoja, na hakuna hata mmoja chumbani anayejua kwamba ziko mbili. Mkunga wa nyumbani hakukosea peke yake, wala mwuguzi hakukosea peke yake.

Na kalata-kalata? Safari yake haikusimama. Mwaka 2013 watafiti wa Vienna, wakiongozwa na Christian Gruber, walionyesha kwamba ndugu yake mmoja, kalata B7, hushika katika mwili wa binadamu mahali pale pale panaposhikwa na oksitosini, na kwamba kutokana na umbo lake zaweza kubuniwa dawa mpya. Wengine wametafuta katika jamii hiyo dawa za maradhi ya neva na dawa za kuua wadudu wa mashamba. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 juu ya kugawana faida za mimea na maarifa ya wenyeji ilianza kutumika mwaka 2014. Haikuandikwa kwa ajili ya kifurushi cha majani kilichosafiri nusu karne kabla yake. Pete ya molekuli imechorwa kwa kila pembe. Mfuko wa uzazi wa panya na wa sungura umepimwa. Chai yenyewe, kama inavyochemshwa na kunywewa na mzazi, haijapata kipimo ambacho mhudumu wa chumba cha uzazi angeweza kukitegemea, na kwa sasa ushauri wa haki kwa mjamzito ni kutoinywa bila mjuzi wa hospitali kujua.

Kujua huko hutegemea namna ya kuuliza, na hapo mtu wa lugha ana la kusema. “Umekunywa dawa za kienyeji?” ni swali la hakimu, jibu lake ni “hapana” kabla halijamalizika. Kienyeji limebeba miaka mingi ya kukemewa, na dawa, kama ilivyoonekana, haimwambii mzazi kama anaulizwa juu ya mzizi au juu ya uji. Wahudumu wenye uzoefu huanza mbali, kwa kumsalimu mama mkwe aliyeketi nje na fungu lake la nguo, kwa maana mara nyingi ndiye aliyechemsha. Kisha huuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa: “Mama, usiku huu nyumbani mlimpa nini cha kumtia nguvu? Na alikunywa saa ngapi?”